Namba moja ya hataza haitoshi: jinsi ya kufuatilia familia nzima

Mtu anakuletea karatasi yenye namba ya hataza na swali moja tu: "Kifaa hiki naruhusiwa kukitengeneza?" Ukimjibu kwa kuangalia namba hiyo peke yake, utampotosha bila kukusudia. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako, haivuki mpaka. Iliyotolewa Japani haimzuii mtu aliyeko Brazili, na mvumbuzi anayetaka kulindwa katika nchi kumi huhitaji ulinzi unaotambulika katika kila moja ya hizo kumi. Mara nyingi hiyo maana yake ni namba kumi, madai (sentensi zinazotaja kinacholindwa) ya maneno tofauti, ada tofauti na tarehe tofauti za mwisho. Nyaraka hizo zote zilizotoka kwenye uvumbuzi mmoja ndizo huitwa familia ya hataza.

Hataza ya dunia nzima haipo. Kila ninapoona tangazo la bidhaa linalojisifu kwa "hataza ya kimataifa", najua aliyeliandika ana ombi mkononi na hajapata hataza bado, au hajui tofauti ya hivyo viwili.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujua uvumbuzi fulani unalindwa wapi, hadi lini, na wapi hakuna aliyewahi kuuombea ulinzi. Tenga saa mbili au tatu. Kanzidata nitakazozitaja ni za bure.

Familia huzaliwaje

Mwaka 1873 Vienna iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa, na wavumbuzi wa nje wakasita kupeleka mashine zao kwa hofu ya kuibiwa mawazo. Hofu hiyo ilichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, na ndani yake haki ya kipaumbele. Ukishawasilisha ombi la kwanza katika nchi mwanachama, una miezi 12 ya kuwasilisha maombi ya uvumbuzi uleule katika nchi nyingine wanachama, nayo hupimwa kwa tarehe ya lile la kwanza. Kilichotangazwa na yeyote katikati ya hapo, hata na wewe mwenyewe, hakiyadhuru.

Mwaka 1970 ukatiwa saini Washington Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, maarufu kama PCT, ulioanza kazi 1978. Huu unakuwezesha kuweka ombi moja la kimataifa linalokushikia nafasi katika nchi wanachama. Baadaye unachagua nchi za kuingia. Muda wa kuchagua ni miezi 30 tangu tarehe ya kipaumbele, na baadhi ya ofisi, ikiwemo ya Ulaya, hutoa 31.

Tuchukue mfano wa kubuni tutakaotembea nao hadi mwisho: vali ya pampu ya maji. Ombi la kwanza liliwekwa Uingereza tarehe 12 Machi 2019. Ombi la kimataifa likafuata tarehe 9 Machi 2020, siku tatu kabla ya mlango kufungwa (ndiyo kawaida ya watu wa kazi hii, miezi kumi na moja hulala). Likachapishwa Alhamisi tarehe 17 Septemba 2020, kwa kuwa maombi ya kimataifa huchapishwa baada ya miezi 18 tangu kipaumbele, na siku ya kuchapisha ni Alhamisi. Miezi 30 ikatimia 12 Septemba 2021, Jumapili, kwa hiyo siku ya mwisho ikasogea hadi siku ya kazi iliyofuata. Tarehe zote za familia hii zinaning'inia kwenye msumari mmoja, 12 Machi 2019. Msumari huo ndio wa kutafuta kwanza.

Hatua ya 1: Soma namba zilizo kwenye mabano

Fungua ukurasa wa kwanza wa waraka wowote wa hataza, uwe wa Kikorea, Kirusi au Kireno. Pembeni mwa kila taarifa utaona tarakimu mbili kwenye mabano au kwenye duara. Hizo ni alama za kimataifa, na maana yake haibadiliki kwa lugha. Namba ya (11) ni namba ya chapisho. (22) ni tarehe ombi lilipowekwa. (54) ni jina la uvumbuzi, (71) mwombaji, (72) mvumbuzi, (73) mwenye hataza. Muhimu kuliko zote kwa kazi yetu ni (30), ambayo nyaraka nyingine huigawa kuwa (31), (32) na (33), yaani namba ya ombi la kipaumbele, tarehe yake, na nchi yake. Kwenye waraka wa Kijapani wa vali yetu huenda usiweze kusoma hata neno moja, lakini ukiona 12 Machi 2019 na herufi GB (Uingereza) pembeni ya (32) na (33), umeshamkuta ndugu.

Kisha angalia herufi na tarakimu zinazomalizia namba ya chapisho. Kwa Ulaya, A1 ni ombi lililochapishwa pamoja na ripoti ya utafutaji, A2 ni ombi bila ripoti hiyo, na B1 ni hataza iliyotolewa. B2 maana yake hataza ilipita kwenye pingamizi ikabaki hai, ila imebadilishwa. Kwa Marekani, A1 ni ombi tu. B1 na B2 zote ni hataza, B2 ikiwa ile ambayo ombi lake lilishachapishwa kabla. Hapa pana shimo linalowameza wengi: hataza za Marekani zilizotolewa kabla ya 2001 hubeba herufi A. Kwa hiyo A ya mwaka 1995 ni hataza kamili, na A1 ya 2005 ni ombi ambalo huenda lilikataliwa.

Herufi WO mwanzoni ni ombi la kimataifa, basi. WO haigeuki kuwa hataza hata siku moja. Usitishike pia na orodha ndefu ya nchi kwenye (81). Tangu 2004 ombi la kimataifa hutaja nchi wanachama kwa mkupuo, kwa hiyo orodha hiyo inaonyesha mwombaji *angeweza* kwenda wapi. Alikoenda kweli ni habari nyingine.

Hatua ya 2: Kamata kipaumbele

Andika namba na tarehe ya kila kipaumbele unachokiona. Wakati mwingine ni kimoja, wakati mwingine vinne, kwa sababu mvumbuzi aliendelea kuboresha kitu chake ndani ya ule mwaka na kuweka ombi jipya kila alipopata la kuongeza.

Pasipokuwa na (30) kabisa, kuna maelezo mawili ya kawaida. Ama waraka huo ndio mzazi mwenyewe, ama mwombaji alichelewa kupita miezi 12 na akaamua kuweka ombi bila kudai kipaumbele. La pili ni zuri kwa anayetaka kuipinga hataza hiyo: chochote kilichochapishwa kabla ya tarehe ya ombi lenyewe, hata chapisho la ndugu yake wa kwanza, kinaweza kutumika dhidi yake.

Hatua ya 3: Chora mti

Nenda Espacenet, kanzidata ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ingiza namba yako kisha fungua sehemu ya familia. Utakuta familia za aina mbili, na ukizichanganya jibu lako litakwenda kombo.

Familia sahili hukusanya nyaraka zenye vipaumbele vilevile hasa, bila kuzidi wala kupungua. Familia pana, ile ambayo Espacenet huiita INPADOC, hukusanya kila waraka unaounganishwa na mwingine walau kwa kipaumbele kimoja, moja kwa moja au kupitia wa tatu. Tuseme waraka wa kwanza una kipaumbele cha vali peke yake, wa pili una cha vali na cha injini ya pampu, na wa tatu una cha injini peke yake. Kwa kipimo cha familia sahili hizo ni familia tatu. Kwa kipimo cha familia pana ni moja, ingawa wa kwanza na wa tatu hawazungumzii kitu kimoja.

Mimi huanza na pana ili nisikose mtu, kisha huchuja kwa kusoma. Kuna mwaka nilianza na sahili kwa sababu ilikuwa fupi. Nikamwambia mtengenezaji mmoja kwamba njia ni nyeupe, maana wanafamilia wote niliowaona walikuwa wameshakufa. Wiki mbili baadaye nikagundua ombi la mwendelezo la Marekani (ombi jipya linalojengwa juu ya la awali) lililoongezewa kipaumbele kingine, likiwa hai na madai mapana kuliko ya mzazi wake. Bahati njema alikuwa hajaagiza kalibu.

Wanaokuza mti kimyakimya ni hao hasa: maombi ya mwendelezo ya Marekani, yanayoweza kuwekwa maadamu kuna ombi la awali ambalo bado halijakamilika, na maombi yaliyomegwa, ambapo ofisi humwambia mwombaji ana uvumbuzi mbili ndani ya ombi moja naye huutoa mmoja kuwa ombi la peke yake. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuchapishwa miaka kadhaa baada ya wewe kufunga jalada.

Ukimaliza Espacenet, pitia Patentscope ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani. Tafuta namba ya WO na ufungue ukurasa wa hatua ya kitaifa, unaoorodhesha ofisi ambako ombi liliingia. Ichukulie orodha hiyo kama dokezo, maana inategemea ofisi za nchi kutuma taarifa, na si zote hutuma kwa wakati.

Bado kuna ndugu wa pembeni, maombi yaliyowekwa bila kudai kipaumbele, ambayo kompyuta haiwezi kuyaunganisha na mengine. Watafute kwa jina la mvumbuzi, kisha linganisha michoro. Michoro haitafsiriwi. Ukikuta kielelezo cha 3 kina vali ileile, chemchemi ileile na namba 14 ikielekeza kwenye tundu lilelile, huhitaji kujua Kichina kuthibitisha undugu.

Hatua ya 4: Tenganisha walio hai na waliokufa

Sasa una majina kwenye karatasi. Kwa kila moja uliza: bado ni ombi, imetolewa, imekataliwa, imeachwa, imebatilishwa, au ada haikulipwa?

Espacenet huonyesha matukio ya kisheria, na ni pazuri pa kuanzia. Ila neno la mwisho liko kwenye daftari la ofisi husika. Usimwambie mtu hataza imekufa kabla hujafungua daftari la nchi yenyewe. Kwa ofisi tano kubwa, yaani za Ulaya, Marekani, Japani, China na Korea Kusini, unaweza kusoma hata barua kati ya mkaguzi na mwombaji kupitia huduma ya mtandaoni iitwayo Global Dossier, bila malipo.

Kifo cha ada kina ujanja wake. Nchi nyingi hudai ada kila mwaka; Marekani hudai mara tatu tu, miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa. Mwenye hataza akipitisha siku, Mkataba wa Paris unamhakikishia angalau miezi sita ya kulipa kwa nyongeza, na baada ya hapo ofisi nyingi bado zina mlango wa kuomba kurudishiwa. Hataza iliyokufa mwezi uliopita ihesabu kuwa iko mahututi.

Ofisi za kanda ndizo zinazochanganya zaidi:

- Namba ya EP, yaani ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ikishatolewa huhitaji kuthibitishwa nchi kwa nchi, kwa kawaida ndani ya miezi mitatu, na baada ya hapo kila kipande huishi na kufa kivyake. Tangu 1 Juni 2023 mwenye hataza anaweza badala yake kuomba athari ya pamoja, ambayo kwa sasa hufikia nchi 18 za Umoja wa Ulaya. Ukisikia "ina hataza ya Ulaya", uliza ipi kati ya hizo mbili na nchi zipi.
- Namba ya AP hutoka ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare. Mwombaji hutaja nchi anazozitaka, na nchi iliyotajwa ina miezi sita ya kusema hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Soma (84) uone zilizotajwa, kisha daftari uone zilizobaki.
- Namba ya OA hutoka OAPI, shirika la miliki bunifu la nchi za Afrika, nyingi zinazozungumza Kifaransa, lililoko Yaoundé. Hii ni rahisi: ikitolewa, inashika katika nchi zote 17 wanachama kwa pamoja.

Hatua ya 5: Soma madai ya kila ndugu

Hapa ndipo wavivu hukwama. Kufanana kwa jina na michoro hakumaanishi kufanana kwa haki. Haki iko kwenye madai, zile sentensi ndefu zenye namba, na kila mkaguzi huzibana kivyake. Kwa vali yetu, ombi la awali lilidai "vali yenye kifuniko kinachoinama". Mkaguzi wa Ulaya akapata waraka wa zamani unaofanana, mwombaji akalazimika kuongeza "na chemchemi ya chuma cha pua iliyozungushiwa mpira". Mkaguzi wa Marekani hakuupata waraka huo, akapitisha maneno mapana. Mtu anayetengeneza vali yenye chemchemi ya plastiki huenda yuko salama Ulaya na matatani Marekani, kwa uvumbuzi mmoja na mchoro mmoja.

Kwa hiyo soma madai ya B, si ya A. Madai ya ombi la A ni matamanio ya mwombaji kabla ya mkaguzi kupitisha kalamu. Anza na dai la 1 na mengine yanayosimama peke yake; yale yanayosema "kama ilivyo katika dai la 1" huongeza masharti juu yake tu. Na hata wakaguzi wawili wakitofautiana kabisa, mmoja akikataa na mwingine akikubali, hakuna aliyevunja sheria. Mkataba wa Paris wenyewe unasema hataza za nchi mbalimbali hazitegemeani.

Hatua ya 6: Hesabu siku ya mwisho

Kanuni ya jumla ni miaka 20 tangu tarehe ombi lilipowekwa. Kosa la kawaida ni kuhesabu kuanzia kipaumbele. Hataza zilizotokana na ombi letu la kimataifa zitafika mwisho 9 Machi 2040. Ombi mama la Uingereza, kama lilitunzwa likapata hataza, litaisha 12 Machi 2039. Mtoto anamzidi mama kwa karibu mwaka mzima.

Kisha kuna nyongeza. Kwenye ukurasa wa kwanza wa hataza ya Marekani tafuta aya fupi yenye kinyota: husema muda umeongezwa siku ngapi kwa sababu ya ucheleweshaji wa ofisi. Siku hizo zinaweza kufika mamia. Kwa dawa na viuatilifu, Ulaya hutoa cheti cha ziada kinachoweza kufika miaka mitano, na cheti hicho hakionekani kwenye waraka wa hataza. Kiko kwenye daftari. Upande mwingine, modeli za manufaa za Ujerumani na China (ulinzi mdogo kuliko hataza), zile zenye U kwenye namba, zina kikomo cha miaka 10.

Hatua ya 7: Jaribu msumari

Hatua hii ni ya pale tu mwanafamilia mmoja anapokuzibia njia na ungependa kujua kama anaweza kung'oka. Kipaumbele hudaiwa, lakini si kila dai la kipaumbele hushika. Uvumbuzi lazima uwe uleule uliomo kwenye ombi la kwanza, na anayedai lazima awe mwombaji wa kwanza au mrithi wa haki yake.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya Broad Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, na hataza yake ya Ulaya EP 2771468 kuhusu CRISPR, teknolojia ya kuhariri jeni. Mmoja wa waombaji waliotajwa kwenye maombi ya awali ya Marekani hakuwemo kwenye ombi la kimataifa, wala haki yake haikuwa imehamishwa. Kipaumbele kikaanguka, na machapisho yaliyotoka katikati yakageuka ushahidi dhidi ya hataza. Ilibatilishwa 2018, na rufaa ikakataliwa Januari 2020. Uamuzi huo haukuzigusa hataza za ndugu zake Marekani. Oktoba 2023 baraza kuu la rufaa la Ofisi ya Hataza ya Ulaya likalegeza kamba: sasa anayedai kipaumbele huchukuliwa kuwa na haki nacho, na anayebisha ndiye wa kuleta ushahidi.

Kuandika jibu

Tengeneza jedwali lenye nchi, namba, hali, dai kuu kwa maneno yako, siku ya mwisho, na siku uliyoangalia daftari. Nchi zisizo na mwanafamilia ziandike pia. Kama miezi 31 imepita tangu kipaumbele na hakuna ombi lililoingia huko, familia hiyo kwa kawaida haitazaa tena katika nchi hiyo, ingawa ofisi kadhaa husamehe waliochelewa. Huko uvumbuzi unaweza kutengenezwa na kuuzwa bila kumwomba mwenye familia, ilimradi hakuna hataza ya mtu mwingine juu yake. Lakini bidhaa ikipakiwa melini kwenda nchi yenye mwanafamilia aliye hai, kuiingiza tu ni uvunjaji wa haki. Muulize anayekuuliza atauza wapi kabla hujamuuliza atatengeneza wapi.

Tarehe ya utafutaji iandike kwa herufi kubwa juu ya jedwali. Maombi hufichwa kwa miezi 18, kwa hiyo ombi lililowekwa mwaka jana huenda bado halijaonekana popote, hata kama ni la jirani yako. Rudia utafutaji baada ya miezi sita, kisha tena kabla fedha nyingi hazijatoka, na safari hiyo anza na maombi ya mwendelezo.